Usiombe mpaka ufungwe

Sumbawanga,
Rukwa.

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi kutoka huku. Watoto hawajambo, na mama anauliza utakuja lini.

Ujumbe wako kuhusu bei ya sembe nimeusoma. Najua inavyouma kwa mtu anayelipa kodi ya chumba na kulisha watoto wanne. Lakini pale uliposema serikali ifunge mpaka wa Tunduma, wa kwenda Zambia, mahindi yasitoke, hapo siwezi kukuunga mkono hata kidogo.

Tulishafungiwa, mwaka 2017. Mavuno yalikuwa mazuri, mara katikati ya mwaka likaja agizo: mahindi ghafi yasivuke, anayetaka kuuza nje asage unga kwanza. Asage na mashine gani, Neema? Wanunuzi waliokuwa wakija na malori hawakuonekana tena. Waliobaki ni walanguzi, wakatupangia bei wanayoitaka wao, na juu yake lumbesa: gunia linashindiliwa, linashonewa kilemba, debe zima linakwenda bure. Tukasema tusubiri, bei itapanda. Tuliposubiri, dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi ghalani, wakaingia. Ukipiga gunia kofi, vumbi la unga linatoka. Zuio liliondolewa baadaye, lakini wengi walikuwa wameshauza kwa hasara ili watoto warudi shule.

Kilichonitisha zaidi ni msimu uliofuata. Jirani zangu waliokuwa wakitia mifuko miwili ya mbolea kwa ekari walitia mmoja, wengine hawakutia kabisa. Kuna walioacha mahindi wakahamia alizeti. Wewe ulipata unafuu wa miezi michache, lakini chakula cha mwaka wa pili kilikuwa kimeshapunguzwa huku shambani, na hakuna aliyekutangazia. Mikoa ya Rukwa, Ruvuma, Mbeya, Songwe na Iringa ikikata tamaa, Dar haina pa kukimbilia.

Sisemi serikali haifanyi kitu. Agosti 2022, Nane Nane pale Mbeya, Rais Samia alizindua ruzuku ya mbolea. Mfuko wa kilo 50 ulikuwa umepita 120,000 baada ya vita vya Ukraine. Kwa ruzuku tukaupata kwa kama 70,000. Hiyo ni sera niliyoiona kwa macho kwenye mabua ya mahindi. Kero zipo, na ni kubwa: wakala wa mbolea yuko mjini, nauli ya pikipiki inakula sehemu ya ruzuku, na mbolea ya kupandia ikichelewa wiki mbili baada ya mvua za kwanza, haina faida tena hata ingekuwa bure.

Mwaka 2024 NFRA, wakala wa serikali anayenunua na kuhifadhi chakula cha akiba ya taifa, walipandisha bei hadi 700 kwa kilo, na Zambia ilipopigwa na ukame tukakubaliana kuwauzia tani 650,000. Siku hizo ungepita vijijini ungeona watu wanapaua bati. NFRA hawawezi kununua mahindi yote, bado wengi wetu tunaangukia kwa dalali, lakini akijua kuna mwingine anayelipa vizuri, hata dalali anakuwa na adabu.

Kwa hiyo ukitaka kudai, dai ghala la taifa lijae wakati wa mavuno, na likifunguliwa lifunguliwe mapema, kabla bei haijafika ilipofika kwako. Mwishoni mwa 2022 NFRA waliyapeleka mahindi ya akiba kwenye wilaya zenye bei ya juu wakayauza kwa bei nafuu. Hilo linamsaidia mlaji bila kumvunja mkulima, na ndilo ninalotaka tulipigie kelele wote wawili, wewe huko na mimi huku.

Nina kazi moja ya kukupa. Ukipita sokoni Tandale, niulizie gunia la kilo mia wanalinunua kwa bei gani kutoka kwa wenye malori, halafu niandikie na bei ya sembe dukani kwako. Nami nitakuandikia wanachotulipa hapa. Tuone hiyo tofauti anabaki nayo nani.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Tumaini