Niliapa kweli tupu, mbona naambiwa nimekufuru?

Shangazi,

Nakuandikia watoto wakiwa bado wamelala, maana mimi usiku kucha nimegeuka tu kitandani. Ni yale ya wifi. Unawajua mawifi, sina haja ya kukueleza.

Pesa za chama zilipopotea, macho yote yalinigeukia mimi kwa kuwa kitabu hukaa kwangu. Nikaeleza, nikafungua kitabu waone, wakaguna tu. Ndipo mmoja akatoa Biblia, akaniambia weka mkono uape. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Niliapa, haki ya Mungu sijagusa hata shilingi. Na sikugusa! Baadaye zilijulikana zilikoenda, na si kwangu.

Lakini wifi alisimama jumuiyani, Rozari ikiwa imekwisha tu, akasema nimelitaja bure jina la Mungu, nimekufuru, nisikaribie meza ya Bwana mpaka niungame. Mama mkwe akisikia. Watoto wangu wakisikia, Shangazi.

Mimi si mgeni kanisani. Nimefundisha watoto wa Komunyo ya kwanza, na amri ya pili, ile ya kutolitaja bure jina la Mungu, naijua (majirani zetu Waadventista huihesabu ya tatu, ila ni ileile). Katekisimu inasema kukufuru ni kumnenea Mungu maneno ya chuki au ya dharau, hata moyoni. Kuapa uongo ni kumwita Mungu aushuhudie uongo. Mimi nilimwita ashuhudie nini kama si kweli? Najua Yesu alisema tusiape kabisa, ndiyo yetu iwe ndiyo, Mathayo 5. Lakini Kanisa, likimfuata Mtakatifu Paulo, linakubali kiapo kwa jambo zito na la haki, kwa mfano mahakamani. Mtu kuitwa mwizi si jambo zito? Na wakisema walinishurutisha, basi sheria ya Kanisa inasema kiapo kilichotolewa kwa nguvu au kwa hofu kubwa ni batili. Popote utakaposhika, kosa langu silioni.

Yeye sasa. Nenda soko la Wakulima umsikie akipima maharagwe. "Haki ya Mungu, hapa nakupa kwa hasara." Na gorogoro yenyewe, ule mkebe wa kupimia, imegongwa chini, kitako kimeingia ndani. Jina la Mungu analitaja kutwa nzima kwa ajili ya shilingi kumi, na hakuna aliyewahi kumsimamisha mbele ya watoto wake.

Sitaki aniombe msamaha, hayo nilishayaacha. Nataka tu asimame palepale jumuiyani aseme alinisingizia, watoto wangu wakiwepo.

Kwa padre sijaenda. Nikienda kuungama, itaonekana wifi alisema kweli. Nisipoenda, Jumapili nabaki kwenye benchi wenzangu wakipanga mstari, na kitinda mimba wangu ananivuta nguo, "Mama, huendi?" Mbele ya watu wote.

Halafu kuna hili. Siku ile nikitoka nilisema mlangoni, kwa jina la Mungu, kwake sitakanyaga tena mpaka nife. Mtu akiumizwa vile angesema nini? Sasa binti yake anachumbiwa. Msichana huyo alikaa kwangu miaka yote ya sekondari, ananiita mama. Wazee wa upande wa kijana wanakuja mwisho wa mwezi, naye ameniomba nikae karibu naye siku hiyo. Katekisimu hiyohiyo inasema anayevunja ahadi aliyoitoa kwa jina la Mungu anamfanya Mungu kuwa mwongo. Nikienda, si wifi atapata la kusema, tena safari hii la kweli? Na nisipoenda, mtoto wa watu amenikosea nini? Mume wangu anasema maneno ya hasira Mungu hayaandiki. Huyo ni dadake, angesema nini kingine?

Kwenda siendi, hilo nimeshaamua. Lakini lesso ya msichana nimeshanunua, na nimeuliza bei ya mbuzi.

Kiapo kama hicho, cha kumsusia mtu, kinanifunga kweli? Na kama hakinifungi, nianze kwa padre au nianze kwa wifi? Nijibu mapema, Shangazi, kabla wageni hawajafika.

Mama aliyeumizwa,
Nakuru