Boga lako usilikate bado

Mwanangu mpenzi,

Baba yako na bibi yako wanakusalimu, hapa Muheza sote wazima. Picha uliyotuma jana nimeitazama mpaka simu ikazima. Boga limekuwa, sikatai, na limeanza kupiga njano upande wa ukutani. Lakini usilikate, mama. Bado.

Boga humaliza kukua kwanza, ndipo likakomaa. Hizi wiki unazoliona limetulia tu, nyama ndiyo inajaa wanga na mbegu zinafunga ganda. Mwaka aliozaliwa mdogo wako nilikata moja kwa tamaa ya futari. Kulipasua, nyama imepauka, mbegu bapa, laini kama kidole kilicholowa majini. Nikalipika kwa tui zito, iliki nikatia. Likawa maji matupu, na nazi yangu ikaenda bure.

Kila asubuhi kitazame kikonyo. Kikiwa kijani na kina utomvu, liache. Kikikauka kikawa kama kuni, libonyeze ganda kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha ukizama, rudi ndani ukanywe chai. Ukigoma, chukua kisu, kata na uliachie kikonyo urefu wa kidole, maana likichomoka shingoni uozo unapita hapohapo. Wala usilibebe kwa kikonyo. Lianike siku 10 hivi, jioni uliingize lisipigwe na umande, kisha liweke juu ya ubao pakavu, usilioshe. Bibi yako huyapanga uvunguni mwa kitanda chake, na miezi 3 baadaye bado tunakula.

Sasa vile viboga vichanga vinavyogeuka njano na kudondoka. Usiongeze mbolea, haihusiki. Umesema huko kwenu Kigamboni nyuki huwaoni. Basi kazi yao ya kuchavusha maua uifanye wewe. Maua yanayotangulia ni madume, yamesimama juu ya kijiti chembamba. Jike utalijua kwa kiboga kidogo kilichokaa chini ya ua. Yanafunguka alfajiri, na jua likishapanda yanasinyaa, kwa hiyo amka mapema kabla ya kwenda kazini. Chuma dume, libandue ua libaki lile vumbi la njano katikati, ulipake ndani ya jike taratibu. Dume moja linatosha majike mawili matatu.

Kimoja pichani kina kidoa chenye gundi. Huyo ni nzi wa matunda, ameshataga humo. Kitoe, kifunge ndani ya mfuko ukiache juani, usikitupe bustanini. Vingine vivike gazeti vingali vidogo.

Na mboga ya majani chuma, lakini kwenye matawi yasiyobeba. Tawi lenye boga liachie majani yake yote, ndiyo yanayolilisha.

Siku ukilikata, nipigie kabla hujalipasua. Weka simu karibu uligonge, nisikie linavyolia. Na mbegu usizikaange zote, niwekee kumi za kupanda masika.

Mama yako