Barua kwa Wifi Yangu Aliyeko Visiwa vya Tonga

Wifi yangu,

Mwezi ujao binti yetu anaolewa hapa Auckland, New Zealand, na mahali pa fahu, yaani shangazi anayeheshimiwa kuliko wote sherehe nzima na kuwekewa zawadi, hapana wa kupakalia isipokuwa wewe, dada mkubwa wa baba yake. Nimeombwa nikupigie simu, nikashindwa. Ndiyo maana naandika.

Siku mtoto alipotimiza mwaka 1, sikuwa nimefundishwa lolote. Nilikuona umeketi mbele, ukiletewa keki kubwa, mikeka na ngatu, ile nguo ya magome ya mti wa hiapo ambayo mama mkwe na wenzake waliyaponda siku nyingi, na vyote vikawekwa miguuni pako. Nikavumilia. Kisha nikaiona doti ya kanga aliyoituma mama yangu kutoka Tanga kwa ajili ya mjukuu wake, imekunjwa juu ya rundo lako. Nikaja mbele ya watu wote, nikaichomoa. Ulinitazama bila kusema neno, na kaka yako, mume wangu, akainamisha macho kama mtu aliyefiwa.

Kimya chake kile nilimlaumu nacho miaka mingi. Pole pole nikaelewa kwamba kwenu mwanamume hambishii dada yake, hata akiwa amemzidi umri. Kwamba zamani mvulana akishapevuka alilala nyumba nyingine, mbali na dada zake. Na kwamba hata Tu'i Tonga, mtawala mtukufu wa kale, alizidiwa daraja na dada yake, na binti wa dada huyo, mwenye cheo cha Tamaha, akawa juu yao wote. Nikaelewa pia kwa nini mume wangu, akifika kwa wajomba zake, hujichukulia apendacho bila kuomba: mama yake ni dada yao.

Sijasahau kwamba ni wewe uliyenikanda nilipojifungua, na ni wewe uliyempa mtoto jina. Kwa hiyo nakusihi usiweke kinyongo, kwa kuwa aliye juu ndiye anayetangulia kusamehe. Lakini wifi, ungeuliza kanga ile ni ya nani! Nilikuwa na miaka 23, sina ndugu hata mmoja ukumbini, na kitambaa kile ndicho pekee kilichokuwa na harufu ya kwetu. Ningefanya nini? Sijutii kukichukua, najutia kukuaibisha mbele ya watu wako.

Mikeka yako imekusanywa, nimeihesabu mwenyewe. Kanga imo sandukuni, haijavaliwa, na mama aliyeituma hayupo tena duniani. Doti ina vipande viwili. Kimoja ni cha binti yetu. Cha pili bado sijakiamulia.