Kinamama wa Vienna walijua kabla ya daktari

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya Jumapili kuhusu Daktari Ignaz Semmelweis, mliyemwita baba wa kunawa mikono. Mimi ni mkunga mstaafu. Nilianza kuzalisha mwaka 1981, nikavua aproni 2016, na jina hilo tulilikariri chuoni mpaka likatutoka puani. Makala ni nzuri, ila kinamama wenyewe mmewaacha nje ya mlango.

Hospitali Kuu ya Vienna, Austria, ilikuwa na wodi mbili za wazazi: ya kwanza, alikofanya kazi Semmelweis, ya wanafunzi wa udaktari, ya pili ya wanafunzi wa ukunga. Zilipokezana siku, leo hii inapokea, kesho ile. Mwaka 1846, wodi ya madaktari ilipoteza wazazi 459 kati ya 4,010. Ya wakunga ilipoteza 105 kati ya 3,754. Homa ya nifasi, ile inayompata mama baada ya kujifungua, ndiyo iliyowamaliza.

Hesabu hiyo maskini wa mji ule walikuwa wameshaipiga bila karatasi. Siku ya wodi ya kwanza waliijua. Walipiga magoti wakisihi wasilazwe huko. Wengine waliona heri wajifungulie barabarani, ndipo waingie na kichanga wakidai uchungu umewakuta njiani. Semmelweis mwenyewe aliandika kwamba hao wa barabarani waliugua mara chache kuliko waliozalia kitandani kwake. Kichochoro kikaishinda wodi ya maprofesa!

Wakubwa walisema ni hewa mbaya. Wengine walisingizia woga, eti kengele ya padri anayepita wodini kumpelekea sakramenti anayekufa ndiyo inayowatia wazazi homa. Hadi Machi 1847 alipofariki rafiki wa Semmelweis, Jakob Kolletschka. Mwanafunzi alimjeruhi kwa kisu wakipasua maiti, akafa kwa dalili zilezile za wale kinamama. Hapo Semmelweis akang'amua: wanafunzi wake walitoka kupasua maiti wakaingia leba na mikono ileile, na wakunga hawapasui maiti. Mwezi Mei akaweka maji ya chokaa ya klorini ya kunawia mikono. Aprili vifo vilikuwa vimepita 18 katika kila wazazi mia. Juni vilikuwa viwili na kidogo.

Makala yenu inatoka hapo na kurukia jinsi wenzake walivyomkataa, hadi akafia katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1865 akiwa na miaka 47. Mmeuruka Oktoba 1847, na mimi Oktoba hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Kitanda cha kwanza wakati wa kupita wodini alilala mama mwenye saratani ya kizazi iliyokuwa ikitoa usaha. Klorini walikuwa wameshanawa wakati wa kuingia. Baada ya kumpima yeye walitumia sabuni na maji tu, wakaendelea na wanaofuata. Wazazi 12 walipimwa baada yake. Walikufa 11. Ndipo Semmelweis alipoamuru klorini baada ya kila mgonjwa.

Mhariri, niruhusu nijitaje. Mwaka 1983 nilikuwa kwenye kituo kidogo milimani, bomba limekauka tangu kiangazi. Tulikuwa na karai moja la bluu, limemeguka rangi ukingoni, tunatia maji na dawa asubuhi. Sote tulichovya mikono humo hadi jioni. Kufika saa nane maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na mimi nachovya, najiona nimenawa. Ungeniuliza siku hiyo, ningekutajia Semmelweis na mwaka wake.

Akaja mama mmoja, mimba ya tano, uchungu umeshakolea. Akalitazama karai, akaniangalia vidole. "Mdogo wangu," akasema, "hayo maji kamwage kwanza. Mimi nitasubiri." Nilimkemea. Nilimwambia kama anajua sana angebaki kwake. Akang'ang'ania ukingo wa kitanda, akakataa kuguswa hadi mhudumu alipokwenda kuchota ndoo nyingine mtoni, mwendo wa robo saa. Alijifungua salama, mtoto wa kike.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini kinamama wa kijiji kile walikuwa wakituma mtoto kuja kuchungulia: "Sista, leo nani yuko zamu?" Nilidhani ni adabu, kumbe walikuwa wananipima. Wapo waliongoja nyumbani hadi zamu yangu iishe, na mmoja alijifungulia chini ya mwembe, hatua hamsini kutoka mlangoni kwetu. Kwenye rejesta, kwa mwandiko wangu, niliandika: "Amechelewa kuja. Uzembe wa mama."

Mkirudia habari ya Vienna, naomba muwaingize wale wa barabarani. Na mwenye kushika rejesta leo, akitaka kuandika kama nilivyoandika mimi, kwanza amuulize mama alikuwa anamkimbia nani.

Mkunga mstaafu,
Lushoto, Tanga