Risala ya Wahitimu wa Fani ya Uchomeleaji na Uungaji Vyuma kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo na walimu wetu,
Wazazi, walezi na wahitimu wenzetu,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na wewe tunakushukuru kwa kukubali kuja kutukabidhi vyeti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mageti, madirisha na minara ya matangi tuliyotengeneza umejionea ulipokagua karakana. Risala hii tumeamua izungumzie usalama wa fundi anayefanya kazi za moto, kwa sababu ndilo linalotutia hofu tunapotoka hapa.

Karakanani, mwalimu haruhusu mashine iwashwe kabla hatujakagua eneo la mita 11 kuzunguka kazi. Cheche zinaweza kufika huko, zikaingia kwenye ufa au kuangukia maranda na kufukuta bila mtu kuona. Hata mashine ikizimwa, mmoja wetu hubaki na mtungi wa kuzimia moto akilinda eneo kwa dakika 30 au zaidi. Mtaani, fundi akimaliza geti anabeba mashine anakimbilia kazi nyingine.

Linalotuumiza zaidi ni mapipa na matangi ya mafuta. Mteja huleta pipa na kusema halina kitu. Mheshimiwa, pipa hilo linaweza kuwa hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke wa mafuta uliobaki umechanganyika na hewa na unangoja cheche tu. Kulisuuza kwa maji mara moja hakutoshi. Tumefundishwa kukataa kazi hiyo hadi chombo kisafishwe na kuthibitishwa kuwa salama, lakini kijana asiye na mteja mwingine siku hiyo atakataaje?

Upo pia moshi. Bomba lenye zinki likichomelewa mahali pasipo na hewa ya kutosha, fundi hupata homa na kutetemeka jioni. Wengi mtaani hunywa maziwa wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu. Mwaka 2017 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la visababishi vya saratani. Na miwani ya jua, ambayo ndiyo ngao ya mafundi wengi, haizuii mionzi ya arki, yaani ule mwako mkali wa umeme wa kuchomelea, inayounguza macho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Wengi wetu tutajiajiri, hivyo hatutakuwa na mwajiri wa kumdai.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 kati ya hizo 10 ni za vijana, ihesabu ngao ya uso, glovu za ngozi, buti na mtungi wa kuzimia moto kuwa sehemu ya mtaji. Andiko la mradi linaloomba mashine peke yake lirudishwe likarekebishwe. Pili, utusaidie Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lifike kwenye maeneo ya mafundi kutoa mafunzo, maana wapo waliotutangulia kazini ambao hawakupata nafasi ya kukaa darasani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa Uchomeleaji na Uungaji Vyuma