Barua ya wazi kwa wakuu wa kampuni za matangazo: ijueni fedha iliyo yenu

Wanangu mliofungua kampuni za matangazo, nanyi mnaoziongoza kwa niaba ya wenye hisa,

Salaam. Sikuandika kuwafundisha ubunifu, huo mnao. Nawaandikia kuhusu fedha, maana kampuni nyingi za kazi hii hufa zikiwa na vikombe vya tuzo kabatini na wateja bado mlangoni. Kinachoziua ni kwamba mwenye kampuni hakutenganisha fedha inayopita mkononi mwake na fedha iliyo yake.

Utata huo ni wa tangu kuzaliwa kwa kazi hii. Volney Palmer wa Philadelphia, katika miaka ya 1840, alikuwa dalali wa nafasi za magazetini, na aliyemlipa ni gazeti, si mwenye bidhaa. Waliomfuata walinunua nafasi kwa jumla wakaziuza kwa bei waliyoipenda, mwenye bidhaa asijue gazeti lilipata nini. Katikati ya miaka ya 1870, Francis Ayer wa N. W. Ayer & Son, katika mji huohuo, akaleta mkataba wa wazi: mteja anaonyeshwa bei halisi ya gazeti, wakala anachukua kamisheni inayojulikana. Baadaye kamisheni ikatulia kwenye asilimia 15, ikatawala miongo mingi.

Tuseme mteja ametoa 1,000,000 kwa mwezi, kwa fedha yoyote ile. Asilimia 15 ni 150,000, na 850,000 ni za televisheni, redio, magazeti na mitandao. Mapato yenu ni 150,000 basi. Ukiiweka ile milioni kwenye ukurasa wa mapato, utakodi ofisi ya milioni na kuajiri watu wa milioni. Kipimo cha siku nyingi katika kazi hii ni kwamba mishahara isivuke asilimia 55 hadi 60 ya mapato halisi, uendeshaji uchukue 20 hadi 25, kinachobaki ndicho faida. Na mkikubaliana na mteja kuhesabu kutoka bei ya chombo cha habari, msiandike asilimia 15: 15 ya 850,000 ni 127,500, na mmeshapoteza 22,500. Kiwango kinacholingana ni asilimia 17.65. Nimekuwa nikiliona kosa hili kwenye mikataba ya watu wenye akili sana.

Sasa njooni kwenye jambo linaloua haraka, yaani siku za malipo. Mteja mkubwa anataka kulipa baada ya siku 90. Chombo cha habari kinataka chake baada ya siku 30. Ukikubali yote mawili, unamkopesha mteja miezi 2 ya fedha za vyombo, 1,700,000, bila riba, ili upate 150,000 kwa mwezi. Mteja huyo akifilisika, zaidi ya miezi 11 ya kamisheni yako yote imekwenda, kabla hujalipa mshahara hata mmoja. Benki isingekopesha hivyo, nanyi si benki.

Fanyeni hivi. Fungueni akaunti ya fedha za vyombo peke yake, isiyoguswa kwa mishahara wala kodi. Kila hati ya kuagiza nafasi iseme mnaagiza kama wakala wa mteja fulani, kwa jina lake. Katika mkataba na chombo wekeni kifungu kwamba deni linakuwa lenu pale tu mteja atakapokuwa amewalipa, na kabla ya hapo deni ni la mteja. Mteja mpya au mwenye sifa ya kuchelewa alipe kabla nafasi haijaagizwa, kwa sababu tangazo likishapita hewani huna cha kumnyang'anya. Kwa mteja mkubwa, tafuteni bima ya mikopo ya biashara, ile inayowafidia mteja akishindwa kulipa. Akikataa vifungu hivi vyote, ada ipande ifidie gharama ya mkopo, na sababu ya kupanda iandikwe wazi kwenye pendekezo.

Kuna fedha nyingine inayokuja kimyakimya. Mwisho wa mwaka, chombo cha habari humrejeshea wakala kiasi kwa kuwa ameleta matangazo mengi. Pengine huja taslimu, pengine ni nafasi za bure, pengine ni ankara ya ushauri usiolingana na bei yake. Mwaka 2016 chama cha watangazaji wa Marekani, ANA, kilitoa ripoti iliyofanywa na K2 Intelligence, ikaeleza kwamba marejesho ya aina hiyo yameenea katika soko lao. Januari 2017, Marc Pritchard wa Procter & Gamble alisimama hadharani akadai mikataba ya mawakala ipitiwe upya na iwe wazi.

Msilichukue jambo hili kama la heshima peke yake, ingawa heshima inatosha. Linaharibu kazi yenyewe. Mpangaji wa vyombo, yaani anayechagua tangazo lipite wapi na lini, akijua kituo kipi kinarejesha, ataanza kupanga kwa kufuata marejesho. Tangazo litapita saa ambayo walengwa wamelala. Mauzo hayatapanda. Mteja atalaumu wabunifu, wabunifu watatengeneza tangazo jipya, nalo litapita saa ileile. Andikeni kwenye mkataba kwamba marejesho ni ya mteja, au mgawane kwa kiwango kilichotajwa, pamoja na yale yanayopokelewa na kampuni dada. Nafasi za bure zigawanywe kwa uwiano wa fedha ambayo kila mteja alitoa katika chombo hicho. Mkaguzi wa mteja aruhusiwe kufungua daftari.

Wengi mmeacha kamisheni, mnatoza ada ya saa za kazi. Si jambo jipya: David Ogilvy, mwenye kampuni ya matangazo, aliichukua kampuni ya mafuta ya Shell kwa ada mwaka 1960. Ila saa nayo inahesabiwa vibaya. Mchukueni mfanyakazi anayegharimu 36,000 kwa mwaka. Ukiondoa likizo na sikukuu, zinabaki kama saa 1,800, hivyo saa yake ni 20. Ongeza gharama za uendeshaji zinazolingana na mshahara wake, inakuwa 40. Tia faida, unauza kwa 50. Ukiitazama hesabu hiyo haina kasoro. Kisha uhalisia unaingia: vikao vya ndani, kumgombea mteja mpya, marekebisho ya nne ya tangazo lililokwisha kukubaliwa. Saa zinazolipwa zinashuka hadi 1,440. Mara 50 ni 72,000, na gharama yake na ya uendeshaji ni 72,000 zilezile. Faida imekwisha, na hakuna aliyefanya uzembe.

Wakuu wengi hapo huchagua dawa mbaya: vijana wakae usiku. Saa iliyokosa bei hulipwa na mtu mdogo kuliko wote ofisini. Mnajua yaliyotokea Dentsu, kampuni kubwa ya matangazo ya Japani. Mwaka 2015 mfanyakazi kijana alijiua, mamlaka za kazi zikathibitisha mwaka uliofuata kwamba kazi kupita kiasi ndiyo iliyomfikisha hapo, rais wa kampuni akatangaza kujiuzulu, na mwaka 2017 mahakama ikaitoza kampuni faini ya yeni 500,000. Hakuna ankara inayorudisha mtoto wa mtu. Wanangu, nawasihi: tajeni kwenye mkataba idadi ya marekebisho, mawili yanatosha, na bei ya la tatu. Brifu, yaani maelekezo ya kazi, iwe na sahihi ya mtu mmoja mwenye mamlaka upande wa mteja, maana marekebisho mengi huzaliwa na wakubwa watatu ambao hawajazungumza wao kwa wao. Saa zikifika asilimia 75 ya zilizouzwa, mteja aambiwe siku hiyohiyo, kwa maandishi.

Kuhusu kumgombea mteja mpya sisemi mengi. Wekeni kikomo cha saa kabla ya kuanza, na zihesabuni kama gharama. Mteja mmoja akivuka robo ya mapato yenu, tafuteni wa pili kabla ya kusherehekea.

Mwisho, kununua na kuuza kampuni. Fedha ya mkopo nayo si yenu. Martin Sorrell aliigeuza WPP, iliyokuwa ikitengeneza vikapu vya waya, kuwa kampuni ya matangazo, akainunua kampuni ya J. Walter Thompson mwaka 1987 na kampuni ya Ogilvy mwaka 1989. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madeni ya manunuzi hayo yalikaribia kuizamisha. Ndugu wawili wa Saatchi, wenye kampuni ya matangazo ya jina lao, waliinunua kampuni ya Ted Bates mwaka 1986, na baadhi ya wateja wakubwa wakaondoka kwa kuwa hawakutaka kuwa chini ya paa moja na washindani wao. Maurice, mmoja wa ndugu hao, alipoondolewa kwenye kampuni Desemba 1994, British Airways ikamfuata kwenye kampuni yake mpya. Mnunuzi anaponunua kampuni ya matangazo, hapati mashine wala ghala. Anapata watu ambao mteja huwapigia simu.

Ndiyo maana bei huvunjwa vipande: sehemu siku ya kusaini, iliyobaki kwa miaka 3 hadi 5 kulingana na faida. Hatari yake ni kwamba muuzaji, akiikimbilia faida hiyo, huacha kuajiri na kufundisha, na muda ukiisha anawaacha wateja na meza tupu. Ukiwa upande wa kuuza, omba faida ipimwe baada ya kutenga fungu la mafunzo. Ukiwa wa kununua, lidai wewe. Na kabla ya yote wagawieni hisa wale wanaopigiwa simu. Mwaka 1942 Albert Lasker alipoiacha kampuni yake ya matangazo, Lord & Thomas, aliwaachia wakuu watatu, Emerson Foote, Fairfax Cone na Don Belding, ambao tayari walikuwa wakiongoza ofisi za New York, Chicago na Los Angeles. Jina la kampuni likabadilika, lakini mteja alipopiga simu aliipokea sauti aliyoizoea.

Mzee wenu katika kazi hii.