Taa ya upepo haitoshi, tunataka geji zinazosema kweli

Ndugu Mhariri,

Miaka kumi na sita nalisoma gazeti lako na sijawahi kukuandikia. Ila ile taarifa yenu ya juzi, kwamba mwenye gari lenye taa ya dashibodi ya kuonya upepo wa matairi ukipungua hana tena haja ya kupima upepo, siwezi kuinyamazia.

Taa hiyo ni nzuri, siibezi. Marekani ni lazima kwa magari madogo yote mapya tangu Septemba 2007. Lakini kanuni yao inataka iwake upepo ukishapungua kwa asilimia 25. Yaani tairi la upepo wa psi 32 linaweza kushuka hadi psi 25 dashibodi ikiwa kimya, nawe umepakia watu watano na magunia ya mpunga unateremka mlima Kitonga.

Gari langu ni mtumba wa Uingereza, sensa zake, yaani vifaa vinavyopima upepo na kuiwasha taa, zimo ndani ya rimu, zimeshikana na valvu ya kujazia upepo. Mwaka jana nilibadilisha matairi mawili Morogoro. Fundi akachomeka chuma chake cha kung'olea tairi palepale penye valvu, nikasikia kitu kimekatika. Kuwasha gari, taa ikapepesa kama dakika moja, kisha ikaganda. Kupepesa kule ni sensa kufa, si upepo kupungua. Hilo nimelijua baadaye. Fundi aliniambia, "Bosi, achana nayo hiyo," akakata selotepu nyeusi akaiziba. Nami nikakubali! Miezi minne baadaye, tumeshaipita Mikumi, mke wangu akasema ananusa mpira unaungua. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limekaa chini, ubavu umechanika mzunguko mzima, nyuzi nje, na wanangu wawili wamelala upande uleule. Taa inayowaka siku zote ingenionya vipi?

Na ukitaka kupima mwenyewe, upime na nini? Asubuhi moja nilipita vituo vitatu vya mafuta kwenye barabara moja. Tairi hilohilo, likiwa limepoa, geji ya kwanza ilisoma 28, ya pili 33, ya tatu 37. Kituo cha nne kioo cha geji kimepasuka, kijana akalipiga tairi teke akasema liko poa.

Stika ya Wakala wa Vipimo naiona kwenye pampu za mafuta, kwenye mpira wa kujazia upepo sijaiona hata siku moja. Ibandikwe na huko, yenye tarehe, kila miezi sita. Na fundi akivunja sensa, ailipe.

Dereva wa miaka ishirini na miwili,
Iringa